Makelele Yaliyotiwa Adabu

Katika kila fani ya muziki liko jambo ambalo wenye fani hulikimbia, na aghalabu jambo hilo ni makelele. Mpiga udi hukaza nyuzi zake mpaka mkwaruzo usiotakiwa utoweke. Mwimbaji hufunzwa kuficha pumzi zake. Na fundi wa studio hulipwa ujira ili mvumo wa mitambo usipenye katika santuri. Basi walipozuka Marekani, hasa katika miji ya New York na Chicago, vijana wapiga magitaa waliolifanya lile likimbiwalo kuwa ndilo litafutwalo, wengi waliowasikia walihukumu upesi kwamba hawa hawajui kazi. Hukumu hiyo nataka kuipima kwa taratibu, kwa kuwa naamini roki ya makelele, kama fani hii ilivyokuja kuitwa, ni kazi ya mkono na sikio yenye ustadi wake, na kwamba ni kwa kuutambua ustadi huo tu ndipo mtu awezapo kusema wimbo gani umo ndani ya fani na upi umo nje.

Usuli wa jambo hili unatangulia gitaa la umeme. Mwaka 1913 mchoraji wa Kitaliano, Luigi Russolo, aliandika waraka akidai kwamba sikio la mtu wa mjini, lililozoea viwanda na magari, haliwezi tena kushibishwa na ala za zamani peke yake. Akayagawa makelele katika aila 6, na akaunda masanduku yenye pembe za kuyatoa. Masanduku hayo hayakuenea, lakini hoja yake haikufa. Mwaka 1968 kundi la Velvet Underground la New York lilitoa santuri yake ya pili, White Light/White Heat, ambayo hukoma kwa wimbo uitwao Sister Ray, wenye zaidi ya dakika 17, ulionaswa kwa mkupuo mmoja, na ambamo kinanda cha John Cale, kilichopitishwa katika kikuza sauti cha gitaa, hushindana na magitaa mawili hata msikilizaji akakata tamaa ya kumjua mshindi. Wala Cale hakuwa juha wa muziki: alikuwa Mwelisi aliyesomea viola mjini London, na alikwisha kukaa na La Monte Young akijifunza kuvuta sauti moja kwa muda mrefu mpaka zile sauti ndogo zilizojificha ndani yake zikajitokeza.

Miaka 10 baadaye, Brian Eno alikusanya makundi 4 ya mji huohuo katika santuri ya No New York, na mpigaji mmoja miongoni mwao, Arto Lindsay wa kundi la DNA, alilipiga gitaa lake bila kulilinganisha nyuzi kwa kanuni yoyote ijulikanayo. Kisha Juni 1981 ikafanywa tamasha ya siku 9 katika ukumbi wa White Columns, ikiitwa Noise Fest, jina ambalo inasemekana lilitokana na dharau ya mwenye klabu mmoja aliyesema kwamba makundi yale hayana jingine ila kelele. Walioitunga tamasha waliipokea dharau ile wakaifanya bendera, kama wanyonge wengi walivyofanya kabla yao.

Mtayarishaji wa tamasha hiyo alikuwa Thurston Moore, ambaye mwaka uleule pamoja na Kim Gordon na Lee Ranaldo waliasisi kundi la Sonic Youth. Nasi tukitaka kuuona ustadi kwa karibu, na tuyatazame magitaa yao. Ya mwanzo yalikuwa ya bei nafuu, ambayo yakikazwa nyuzi kwa desturi ya watu wote hayakutoa sauti ya kupendeza. Kwa hiyo waliiacha desturi. Walizikaza nyuzi mbili au zaidi zikaribiane sana na sauti moja, lakini zisilingane kabisa. Na atakaye kujua faida yake na afikiri kwamba uzi mmoja ukitetema mara 220 kwa sekunde na wa pili mara 223, sikio halisikii sauti mbili, bali husikia moja inayojaa na kupwa mara 3 kwa kila sekunde. Tena waliingiza bisibisi au kijiti cha ngoma chini ya nyuzi, katikati ya shingo ya gitaa, kila uzi ukagawanyika pande mbili zenye sauti mbalimbali, na pigo moja likalia kama kengele iliyopasuka. Katika wimbo wao wa mapema, The Burning Spear, Ranaldo alitumia hata keekee ya umeme kuwa ala.

Kila gitaa lilikuwa na ukazaji wake kwa ajili ya nyimbo chache tu, ndiyo sababu kundi hili lilisafiri na jeshi la magitaa. Julai 1999 gari lililobeba vyombo vyao liliibwa huko California, na hasara haikuwa ya fedha tu, maana baadhi ya nyimbo hazikuweza kupigwa tena kama zilivyokuwa, kwa kuwa ala iliyozizaa haikuwapo. Nadhani wezi wale, bila ya kukusudia, walitoa ushahidi ambao wahakiki wasingeweza kuutoa: makelele ya ovyo hayaibiki, kwa sababu gitaa lolote laweza kuyatoa, kinachoibika ni kile kilichotengenezwa.

Upo na ustadi wa pili, wa kutumia ule mlio mkali ambao kila aliyehudhuria mkutano wenye vipaza sauti ameusikia na kuziba masikio. Uzi ukitetema, sumaku iliyo chini yake hupeleka mtetemo katika kikuza sauti. Spika huurudisha hewani ukiwa mkubwa zaidi. Hewa nayo huutikisa uzi upya, na duara hilo likajilisha lenyewe bila ya mkono kugusa. Mpigaji asiyejua hushikwa na mlio huo, lakini ajuaye huushika yeye: husogea nusu hatua, akageuza kifua kuelekea spika au mbali nayo, akaziba uzi mmoja kwa kiganja na kuuachia mwingine, na kila badiliko la mwili wake likawa badiliko la sauti. Huko Chicago, Steve Albini wa kundi la Big Black alifuata njia nyingine: alipiga nyuzi kwa kipigio cha madini ili zilie kama bati likatwalo, na mahali pa mpiga ngoma akaweka mashine, akaiandika jina lake, Roland, pamoja na majina ya wapigaji. Mashine hiyo haichoki wala haiharakishi, na ni juu ya ukaidi wake ndipo ghasia za magitaa zilipopata mahali pa kusimama.

Sasa turudi katika swali la fasili. Mtaalamu wa Kitaliano, Franco Fabbri, alieleza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba fani ya muziki ni mkusanyiko wa matukio ya muziki yanayokwenda kwa kanuni zilizokubaliwa na jamii fulani, na kanuni hizo si za sauti peke yake, bali pia za mwenendo, za itikadi, na za biashara. Kwa maneno yetu, fani ni ijmaa. Msomaji wa pwani aliyewasikia wazee wakibisha kama taarabu ya vinanda vya umeme na watu kusimama kucheza ni taarabu au si taarabu, hataona ugeni katika hoja hiyo, maana ubishi ule haukuhusu sauti tu. Ulihusu pia vikao, mavazi na heshima. Roki ya makelele nayo ilijulikana kwa klabu zake ndogo na kwa kampuni kama Touch and Go ya Chicago na Amphetamine Reptile ya Minneapolis, ambazo nembo zake zilimwambia mnunuzi nusu ya habari kabla sindano haijagusa santuri.

Lakini ijmaa peke yake haitoshi, kwani watu waweza kuafikiana juu ya jina bila ya kusikiliza. Ukubwa wa sauti nao haufai kuwa kipimo, kwa kuwa muziki wa metali una vishindo vingi, na bado kila noti yake hutaka kusikika safi. Mimi napendekeza mtihani wa sehemu mbili. Kwanza, yaondoe makelele kwa nadharia: kama wimbo umebaki mzima, makelele yalikuwa pambo. Pili, uondoe mwenendo wa roki, yaani mapigo na lile umbo la wimbo: kama hakuna kilichopungua, hiyo ni kelele tupu, ambayo Masami Akita wa Japani, ajulikanaye kwa jina la Merzbow, ameifanya kuwa sanaa kamili inayojitegemea. Roki ya makelele ni pale ambapo hakuna kati ya viwili hivyo kiwezacho kuondolewa. Kwa kipimo hiki Lightning Bolt wa Providence, walio wawili tu, mmoja wa besi na mmoja wa ngoma, wamo ndani ijapokuwa hawana gitaa la kawaida. Na My Bloody Valentine katika santuri ya Loveless ya mwaka 1991 wamo mpakani, kwa kuwa ukungu wao wa magitaa umebeba lahani tamu ambayo ingeweza kuishi bila ya ukungu huo.

Kipimo hiki kina neno moja gumu, nalo ni kwamba makelele huzoeleka. Mwaka 2005 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza Daydream Nation, santuri ya Sonic Youth ya mwaka 1988, katika orodha ya rekodi zinazostahili kuhifadhiwa kwa taifa, na leo kijana aisikiaye haoni cha kumtisha. Kwa hiyo haiwezekani kuifasili fani hii kwa kuorodhesha milio, kwamba mlio huu ni halali yake na ule si wake, maana orodha hiyo itachakaa pamoja na masikio yaliyoiandika. Kinachodumu ni uhusiano kati ya wimbo na kile ambacho masikio ya zama zake hayajakikubali, na ustadi wa kukipa kazi ya kufanya. Atakayeiendeleza fani hii hatafanikiwa kwa kuiga bisibisi ya Ranaldo wala kipigio cha Albini. Itampasa atafute mlio ambao wenzake wa leo bado wanaufuta studio, kisha aujenge wimbo juu yake mpaka usiweze kufutika.