Mkasi Uliotangulia Asumini

Bustani ile ya Kikwajuni mmeiona. Anayekwenda kupanda daladala asubuhi hana njia ya kuikwepa, na tangu masika yaanze kukatika wengi wetu tumekuwa tukiichungulia kila jioni kwa husuda kidogo. Mwaka huu mtaa mzima ulikuwa wake. Ukapotezwa kabla ya saa nne ya asubuhi moja, kwa mkasi mrefu wa kukatia michongoma.

Kazi nzuri ilikuwepo, tusidhulumu. Bogenvilia ilinyimwa maji mvua zilipopungua, ndiyo maana imewaka ukuta mzima. Mawaridi yalikatwa juu ya jicho linalotazama nje. Basi.

Turudi kwa mwasumini, ule wa pembeni mwa baraza. Jua lilikuwa limerudi siku kadhaa mfululizo, na kila chipukizi jipya lilikuwa na matumba matatu nchani, la kati limewatangulia wenzake kama ilivyo ada yake. Yale ya kati yalikwishaanza kuonyesha weupe. Kwa macho ya mtu mzoefu zilibaki siku nne, tano kwa kuchelewa. Idi ya mfunguo tatu inagonga mlango, wageni watakuja, na mwenye nyumba akaona kichaka kimetimka nywele. Akamwita fundi, akamwambia akiviringe.

Fundi alikiviringa kweli. Alipunguza vidole vinne kila upande, juu hadi chini, kikatoka kama mpira. Sasa vidole vinne vile ndivyo vilivyobeba maua yote. Asumini halitoki kwenye tawi kuukuu la ndani, hutoka kwenye ncha ya chipukizi la msimu. Ukikata tabaka la nje wakati huo umeondoa kila kinachochanua na kubakiza kila kisichochanua. Ni kumnyoa bibi harusi mlangoni mwa ukumbi. Nilipopita mchana, matumba yalikuwa yamefagiwa pamoja na majani, yamerundikwa kando ya mtaro yakisubiri gari la taka.

Najua utetezi utakaokuja: mwasumini lazima upogolewe, usipopogolewa unakuwa mti wa majani. Nani amekataa? Pogoa, tena hata theluthi nzima ukitaka, lakini maua yakishamaliza zamu yake. Kosa hapa ni tarehe, na baada ya tarehe ni chombo. Mkasi wa michongoma haujui jani wala kifundo. Hupita popote, hukata jani nusu, huacha vijiti vitupu vinavyokauka. Majani ya mwasumini hukaa mawili mawili yakielekeana, na ukikata juu tu ya jozi hiyo, kila kwapa hutoa chipukizi lake: ncha moja inakuwa mbili, na mbili hizo ndizo maua ya zamu ijayo.

Mabibi wa mitaa hii hawakuhitaji kufundishwa hayo. Alasiri walitoka uani na kikapu, wakachuma matumba yaliyoiva kabla hayajafunguka, kwa maana asumini hufunguka magharibi na siku ya pili linaanguka. Walibana kwa kucha, wakishuka hadi kwenye jozi ya kwanza ya majani. Kuchuma kwao ndiko kulikokuwa kupogoa. Kila kikuba kilichotungwa kwa rihani, mkadi na asumini kiliacha nyuma yake mti uliokwishaandaliwa kwa maua mengine. Atatokea wa kunitajia John Kirk, konseli wa Uingereza wa karne ya 19, na mimea aliyoijaribu kule Mbweni. Bwana mkubwa alikuwa msomi wa mimea, simkatalii. Kwa asumini namkalisha nyuma ya bibi yeyote wa Malindi mwenye kucha mbili nzima.

Na kwa kuwa tumo humo humo bustanini: mawe yaliyopakwa chokaa! Nimelalamika hapa na nitalalamika tena. Udongo wetu wa matumbawe tayari una chokaa ya kutosha, ndiyo maana mwasumini wa mjini hugeuka manjano huku mishipa ya jani ikibaki kijani, kwa kushindwa kufyonza madini ya chuma. Halafu mtu anauzungushia mawe yanayochuruzika chokaa kila mvua ikinyesha, akishaona umanjano anakimbilia yurea. Yurea itampa majani mengi, na majani mengi ndiyo yatakayomfanya amwite tena fundi wa mkasi. Mboji na samadi iliyooza vizuri, na mawe yarudi kwenye msingi wa nyumba.

Mwenye nyumba anasema hakuna kilichoharibika, maua yatarudi. Yatarudi, ndiyo. Toka kukatwa hadi kuchanua upya mwasumini huchukua kama wiki sita hadi nane jua likiwa zuri, na kipupwe hakina haraka. Ila nimeuliza pale barazani mpango wa mbele ni upi, nikaambiwa fundi amepewa kazi ya kudumu: atakuja kukiviringa kila baada ya wiki nne.