Chuma Kinachomtazama Mshikaji

Shoka la kuchanjia kuni husamehe. Likiwa butu, mkono utaongeza nguvu. Likiwa zito, mchanjaji atapumzika mapema. Tezo haina msamaha huo. Makali yake yamekingama na mpini, hayakufuatana nao, na kila ishukapo humjia mwenyewe, ikiuelekea muundi wa mguu wake. Kati ya tezo zote za pwani hii, kuanzia Kunduchi, Mlingotini na Kaole mpaka Bagamoyo na Saadani, ninayotaka kuisifu ni ile ambayo hutaikuta kwenye rafu ya duka la vifaa: tezo ya kukombea mtumbwi, yenye ulimi uliokunjwa kama kiganja kinachochota maji.

Chombo hiki kimezaliwa na kazi, basi tuanze na kazi. Kiwiliwili cha ngalawa hutoka katika gogo moja, mara nyingi la mwembe. Mti huangushwa shambani, na huko huko hupunguzwa uzito kabla ya kuburutwa pwani. Kwa nje shoka la kawaida linatosha: fundi huchonga mbavu, huchonga omo na tezi, na akikosea kidogo hulifuta kosa kwa kuchonga zaidi. Taabu iko tumboni. Humo hamna nafasi ya kurusha shoka, na shoka lenyewe, kwa tabia yake, hupasua mti kwa kufuata nyuzi zake. Ufa mmoja ukipita sakafuni, gogo zima limekuwa kuni. Fundi anahitaji chuma kinachoingia, kikainua kibanzi, kikatoka papo hapo kabla hakijaishika njia ya nyuzi, na anahitaji kifanye hivyo kutwa nzima.

Hapo ndipo mhunzi anapoanza kufikiri. Ulimi wa tezo hii una mikunjo miwili. Wa kwanza ni wa upana, pembe kwa pembe. Ukiwa bapa kuliko tumbo la mtumbwi, pembe mbili za makali zitauma mti kwanza na kuacha mifereji; ukizidi kuviringika, utachimba vishimo na sakafu itajaa mabonde. Mkunjo wa pili ni wa urefu, toka shingoni mpaka makalini, nao haupimwi kwa mtumbwi bali kwa mkono. Mkono unaopiga huzunguka kwenye kiwiko, na ncha ya tezo huchora kipande cha duara hewani. Ulimi ukilifuata duara hilo, utapita ndani ya mti bila mti kuugonga mgongoni. Kwa hiyo kumtuma mtoto akuagizie tezo ya kukombea ni kujitafutia hasara. Nenda mwenyewe, na mkono wako.

Kisha kuna suala la makali, ambalo mtazamaji hulipita bila kuliona. Tezo ya kusawazishia mbao za mashua hunolewa upande wa ndani, ule unaomtazama mshikaji, na nje hubaki bapa ili ilale juu ya ubao. Ya kukombea ni kinyume. Mteremko wa makali huwekwa nje, upande wa mgongo, na mgongo huo ndio unaoegemea mti na kuyanyanyua makali yatoke. Ukiinoa kwa ndani kama dada yake, itazama kila pigo na kukwama. Tofauti yenyewe ni ya upana wa ukucha.

Chuma cha leo ni springi ya lori. Jani moja chakavu, la kutoka Gerezani jijini Dar es Salaam au gereji yoyote ya kando ya barabara, lina kaboni inayozidi kidogo nusu ya asilimia moja, nayo inatosha kushika makali. Nondo za ujenzi ni laini kufua, lakini makali yake hujikunja. Mivukuto ya zamani ilikuwa ya ngozi za mbuzi. Siku hizi gurudumu la baiskeli likizungusha feni kazi inakwenda, na kipande cha reli kinafaa kabisa kuwa fuawe. Springi hukaa kwenye makaa mpaka ipite rangi ya damu ya mzee na kufikia rangi ya chungwa. Hapo nyundo ina muda mfupi. Kukipiga chuma kilichokwisha kurudi kwenye wekundu uliofifia ni kukitia nyufa zisizoonekana, zitakazojitokeza baada ya miezi, kazi ya mtu ikiwa katikati.

Umbo likishapatikana, ulimi huchomwa tena mpaka sumaku isiushike, kiasi cha nyuzijoto 770 za sentigredi. Jicho lililozoea halihitaji sumaku. Makali huchovywa kwenye mafuta. Sasa ni magumu mno, na ukiyagonga yatamegeka. Mhunzi hung'arisha ukingo kwa jiwe, kisha huliacha joto lililobaki shingoni litambae taratibu kuelekea makalini, na rangi zinaanza kupita juu ya chuma: manjano hafifu, hudhurungi, zambarau, buluu. Kisu cha randa angekisimamisha kwenye manjano. Tezo lakini hupigwa, haisukumwi, nayo itakutana na mafundo ya mwembe. Basi huachwa mpaka hudhurungi iguse zambarau, ndipo izamishwe. Akichelewa sekunde chache, makali yatakuwa laini, akiwahi, yatavunjika. Katika ufundi wote wa pwani ninaoufahamu, hakuna uamuzi mzito kama huu unaokatwa kwa muda mfupi hivi.

Tezo ya mtindo wa asili haina tundu la mpini. Ina mkia. Mpini hukatwa kwenye mti mgumu usiokatika upesi, kama mpera au mkwaju, pale penye fundo nene, na mkia uliotiwa moto hujichomea njia yake ndani ya fundo hilo. Tundu la namna hiyo huufuata mkia kwa kila pembe, na kila pigo huuzamisha zaidi. Shoka la kiwandani hushikwa kwa kabari, na mpini ukikauka juani hulegea. Tezo hii hukazwa na kazi yenyewe. Sehemu nyingi za bara la Afrika Mashariki na Kati, mtu huuchomoa ulimi, akaugeuza robo ya mzunguko na kuupachika tena: asubuhi alikuwa na shoka, mchana ana tezo.

Ujuzi huu ni wa kale hapa. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani kiitwacho Periplus, cha karne ya 1, kinataja bandari ya Rhapta katika pwani hii ya kusini, na kati ya bidhaa zilizoletwa katika masoko yake kinaorodhesha mikuki iliyotengenezwa Muza, huko Yemen, pamoja na mashoka, majambia na vyuma vya kutobolea. Kinataja pia mitumbwi ya gogo moja iliyotumika kuvulia samaki na kasa. Msomaji wa haraka ataona kwamba chuma kililetwa na wageni. Lakini huko Limbo, wilayani Kisarawe, Profesa Felix Chami alichimbua mabaki ya uyeyushaji chuma ya karne za mwanzo baada ya Kristo, mavi ya chuma kwa wingi. Na kufikia karne ya 12 al-Idrisi anaandika kwamba chuma ndicho kilichowapa watu wa Malindi faida kubwa katika biashara. Shoka la meli lilikuja, ndiyo. Lakini lilikuja kwa watu ambao ama walikuwa wanajua kufua, ama hawakukawia kujua.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati ya watumwa na pembe za ndovu, yenye mwisho wake Bagamoyo, katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia. Ilistahili. Nalalamikia tu kwamba urithi tunaouonyesha wageni ni wa mawe na milango, wakati ule wa chuma uko kwenye vibanda, na kila boti ya faiba inayoingia ufukweni inampunguzia mhunzi mteja mmoja. Simlaumu mvuvi, faiba ni nyepesi na miembe minene imeadimika. Ila Bagamoyo kuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, ambako ngoma zinapigwa kila siku, na ngoma ya gogo nayo hukombwa tumbo kama mtumbwi. Jiko la kufulia chuma likijengwa jirani na wanaochonga ngoma, mhunzi atapata wateja wapya kabla wale wa zamani hawajaisha.

Na ikitokea makumbusho ikaitaka tezo hii, iiweke ikiwa imegeuzwa, mgongo ukimtazama mgeni, mteremko wa makali uonekane, na pembeni yake pawe na kipande cha mtumbwi kilichokombwa nusu, ili mtu aweze kuulaza ulimi katika mkombo wake wenyewe na kuona unavyokaa.