Kitivo: Neno la Shamba Lililoingia Chuoni

Katika orodha za istilahi zinazotumiwa maofisini na vyuoni, neno kitivo huandikwa kwa mstari mmoja tu: upande huu neno la kigeni, upande ule kitivo, basi. Mfasiri mwenye haraka hupata alichokitaka akaendelea na kazi yake. Sisi twaona kwamba mstari huo umeficha jambo lenye manufaa kuliko tafsiri yenyewe.

Kitivo ni neno la milimani. Katika Chasu, yaani Kipare, na katika Kishambaa, hutaja ardhi yenye rutuba ambamo mazao hustawi. Wilayani Lushoto, chini ya milima ya Usambara, kiko kijiji kiitwacho Kitivo, nacho chajulikana kwa kilimo cha umwagiliaji. Atakayesimama Shighatini, katika Upare ya Kaskazini, akatazama migomba iliyomzunguka, kisha akashusha macho kwenye nyanda kavu za upande wa Ziwa Jipe, hatahitaji kuelezwa kwa nini ardhi njema ilipewa jina lake peke yake. Katika milima ya Upare maji hukusanywa katika ndiva, yaani malambo ya asili, ndipo yakafikishwa mashambani. Ndiva nalo lastahili nafasi katika orodha zetu, ila hilo tuliache kwa leo.

Neno kitivo lilipochukuliwa litaje sehemu ya chuo kikuu inayokusanya idara za elimu zinazohusiana, ardhi iligeuzwa sitiari: mahali ambapo elimu hupandwa ikastawi. Uchaguzi huo twausifu. Chuo kilichoanza Dar es Salaam mwaka 1961 kwa masomo ya sheria kilirithi majina ya Kiingereza. Kitivo halikulifuata jina la kigeni nyuma, bali lilileta picha nyingine kabisa.

Hapo ndipo hatari ilipo. Tuchukue Kihispania, ambacho neno lake "facultad" limetokana na Kilatini "facultas", uwezo wa kutenda. Mhispania hulitumia kwa uwezo wa akili, kwa mamlaka aliyopewa mtu kisheria, na pia kwa sehemu ya chuo kikuu. Kwake uwezo ndio shina, na chuo ni tawi. Kwetu shina ni udongo. Maneno haya mawili hukutana chuo kikuu tu, na nje ya hapo kila moja hushika njia yake. Hati ikisema kwamba mkurugenzi ana "facultad" ya kutia sahihi mkataba, mfasiri anayeandika kitivo ameiharibu hati. Hapo pahitaji mamlaka. Vivyo hivyo, aliyepungukiwa na "facultades mentales" hakupungukiwa na vitivo vya akili. Neno la Kiingereza lenye asili hiyohiyo lina mtego huohuo, nalo ndilo litufikialo mezani kila siku. Kosa la namna hii mara nyingi haliletwi na uvivu wa mfasiri, bali na orodha iliyotia alama ya usawa kati ya maneno yasiyo sawa.

Walimu nao wana sehemu yao. Mtoto aliyelelewa kwa Chasu aweza kulisikia neno hili kwa bibi yake kabla ya kulikuta kitabuni. Akiambiwa darasani kwamba kitivo ni sehemu ya chuo kikuu tu, atadhani bibi amekosea. Mwalimu wa Shighatini, ambako Kigweno nacho ni jirani wa Chasu, ana bahati ambayo mwenzake wa mjini hana: aweza kuanzia shambani, akapanda nalo hadi chuoni.

Wapo watakaosema kwamba sitiari ikikomaa husahau asili, kwani nani auonaye mti asemapo tawi la benki? Ni kweli, wala hatumdai karani akumbuke udongo kila atajapo kitivo. Lakini tawi bado twaliona mtini kila siku, na kitivo cha mkulima hakionekani na Waswahili walio wengi. Tena siku hizi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutumia ndaki na shule kuu kwa migawanyo yake mikubwa, hata neno lenyewe halisikiki huko kama zamani.

Twapendekeza basi liandikwe hivi: Kitivo, kutoka Chasu na Kishambaa: ardhi yenye rutuba, kwa sitiari, sehemu ya chuo kikuu yenye idara za elimu zinazohusiana. Lisitumiwe kwa maana ya uwezo wala mamlaka.