Skima ya Ukutani: Tumelitoboa Bwawa, na Limesimama

Aisee, nitoe hukumu kabla pumzi haijanirudi: sijawahi kufunga kitu kwenye bwawa la plastiki kikanifurahisha kama hiki. Pampu iliwashwa jana alasiri. Kilango cha skima kikainama, maji ya juu yakaanza kuteleza kuelekea mdomoni, na majani ya mwarobaini yaliyotapakaa uso mzima wa bwawa yakafuatana moja baada ya jingine hadi ndani ya kikapu. Hakuna aliyeshika wavu, hakuna aliyelowa. Nilibaki nimesimama pale nacheka peke yangu.

Nazungumzia mabwawa yanayosimamishwa juu ya ardhi, yale ya fremu ya mabomba ya chuma na ukuta laini wa PVC wenye nyuzi za poliesta katikati, kama yanayotengenezwa na Intex na Bestway. La kwangu lina kipenyo cha mita 4.57 na kimo cha mita 1.22. Likijazwa asilimia 90, kama inavyoagizwa, linameza karibu lita 16,800. Kwa sisi wa maji ya boza, hilo ni boza zima la lita 10,000 na zaidi ya nusu ya jingine, kwa hiyo maji yakishaingia humo hutaki kusikia habari ya kuyamwaga kwa sababu yamechafuka.

Na uchafu wa bwawa huanzia juu. Vumbi, majani, mafuta ya kujipaka, mbawa za kumbikumbi mvua za vuli zikianza: vyote huelea kwanza, halafu hulowa, huzama, huoza, na kula klorini uliyoinunua kwa hela yako. Pampu inayokuja na bwawa, kwa upande wake, hufyonza maji kupitia tundu lililo chini ya usawa wa maji. Yaani inachuja maji ambayo hayana shida huku takataka zikistarehe juu! Ipo skima ya kuning'iniza ukingoni, ile yenye kikombe kinachoelea, na ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Lakini mtoto akiruka tu kikombe kinayumba, kinameza hewa, pampu inapiga kelele na mkondo unakatika. Na watoto wanaruka kutwa. Bwawa lenyewe lilinunuliwa kwa ajili hiyo.

Skima ya ukutani haiyumbi. Ni boksi la plastiki linalokaa nje ya bwawa, mdomo wake ukipita ukutani. Mdomoni kuna kilango chenye bawaba upande wa chini, kinachoelea na kufuata maji. Pampu ikivuta, kinainama na kupitisha tabaka jembamba la juu tu. Pampu ikizimwa, kinainuka na kuyazuia majani yasirudi bwawani, kwa hiyo hata umeme ukikatika ghafla takataka zilizokwisha kuingia hubaki zilipo. Ndani kuna kikapu, juu mfuniko, chini tundu la bomba la inchi moja na nusu. Basi! Hakuna cha kuchaji wala cha kurekebisha kila asubuhi. Aliyebuni kilango hiki apewe maua yake.

Shida ni kwamba skima hizi zimetengenezewa mabwawa ya ukuta wa bati. Ukitaka kuifunga kwenye ukuta laini, lazima uukate mwenyewe. Ndiyo, uchukue wembe na kulikata bwawa lisilo na kasoro yoyote. Udhamini wa kiwanda, kama bado unao, unafia hapo hapo.

Hofu inapungua ukiielewa fizikia yake. Kila sentimita 10 za kina huongeza kilopaskali moja hivi ya shinikizo la maji. Pale juu, ambapo ukingo wa chini wa mdomo wa skima umezama sentimita kumi hivi, ukuta unabeba takriban sehemu moja ya kumi ya mzigo unaoubeba karibu na sakafu. Mtu akiniambia anataka kukata tundu kubwa hivyo kule chini, nitamnyang'anya wembe. Huku juu kazi inawezekana, ilimradi mkato usiwe na kona kali, maana mpasuko hupenda kuanzia kwenye kona. Na gasketi ikivuja, maji yatashuka hadi ukingo wa chini wa tundu na kuishia hapo. Kwa bwawa la ukubwa huu kila sentimita ni lita 164 hivi. Inauma, lakini jirani hatakuja kugonga geti.

Fundi bomba aliutazama ukuta, akanitazama mimi, akauliza, "Bosi, una uhakika?"

"Kata, fundi."

Hakukata kwanza, na hapo ndipo nilipojua nimempata mwenyewe. Maji yalishushwa chini ya pale mdomo utakapokaa. Akabandika vipande vya PVC ya aina ile ile kwa gundi ya vinili, ndani na nje ya ukuta, vikubwa kuipita fremu ya skima kila upande, ili skrubu ziume kwenye tabaka tatu badala ya moja. Fremu ya mbele akaifanya kielelezo cha kupimia matundu, na matundu akayatoboa kwa kile kitobolea ngozi cha mafundi viatu. Akili hiyo! Msumari huchana nyuzi. Kitobolea huacha duara safi. Gasketi moja ndani, moja nje, skrubu zikakazwa kwa mshazari, kidogo kidogo, hadi mpira ulipoanza kufura ukingoni, akaacha hapo hapo. Kuzikaza hadi mkono uume ni kuikunja gasketi na kujitafutia uvujaji. Ni baada ya skima kushikwa pande zote ndipo wembe ulipopita ndani ya fremu, taratibu, kona zikiviringwa. Kipande kilichotoka ninacho mezani: samawati upande mmoja, kijivu upande wa pili, na kwenye mkato unaziona nyuzi nyeupe zilizopishana, ambazo ndizo hasa zinazolishikilia bwawa lote.

Wengi wangeishia hapo, wakajaza maji na kupiga picha. Hapana! Ukuta wa bati huibeba skima bila kusumbuka. Ukuta laini hauwezi. Boksi likijaa maji, ukijumlisha na bomba linaloning'inia, ni kilo kadhaa zinazozivuta zile skrubu usiku na mchana, na kila mtu akijitupa majini ukuta unacheza. Fundi wa kuchomelea ametutengenezea kistuli cha chuma cha pembe, juu yake kipande cha mpira, na skima imekalia hapo. Bomba nalo ni lile linalopinda, si PVC ngumu, ili mtikisiko usisafiri hadi kwenye gasketi. Kwa maoni yangu kistuli hicho ni nusu ya kazi yote, na hakimo kwenye boksi la skima wala kwenye karatasi ya maelekezo.

Upande wa kuiweka pia una maana yake. Skima hukaa kule upepo unakosukumia takataka. Pwani yetu kusi huvuma kutoka kusini-mashariki na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo upande wa magharibi unakula kotekote, labda kuta za uani ziugeuze upepo. Kisha elekeza maji yanayorudi kutoka kwenye chujio yazunguke pembeni mwa bwawa. Ndiyo yanayoleta yale majani ya mbali.

Tundu la zamani la chini usilizibe. Sisi tumeliunganisha na skima kwa tii, kila upande valvu yake. Mchana valvu ya skima iko wazi na ya chini imefunguliwa robo tu, na siku ya kusafisha chujio zinafungwa zote mbili, maji yasimwagike.

Kasoro? Zipo. Maelekezo yanazungumzia ukuta wa bati tu, na skrubu zilizokuja kwenye boksi zilikuwa fupi baada ya kuongeza zile tabaka za PVC. Tulinunua ndefu za chuma kisichoshika kutu. Usawa wa maji nao sasa unataka jicho. Maji yanatakiwa yafike katikati ya mdomo, na miezi ya jua kali hupungua milimita kadhaa kwa siku kwa mvuke pekee, bila kuhesabu yanayorushwa na watoto. Yakishuka chini ya mdomo, pampu inavuta hewa, na ukichelewa itaungua. Jua la Januari litaifanyia nini plastiki nyeupe, bado ni mapema kusema.

Lakini jana jioni taa ya uani ilivuta kumbikumbi, na asubuhi kikapu kilikuwa kimejaa mbawa hadi ukingoni. Juu ya maji hapakuwa na kitu. Hapakuwa na kitu, jamani!

Mwenye bwawa la kupuliza, lile lenye duara la hewa juu, asijaribu: ukuta wake umelala na duara linakaa pale pale mdomo wa skima unapotakiwa kuwa. Lakini kama lako ni la fremu, udhamini umekwisha na una mti karibu, nunua skima wiki hii, tafuta fundi asiye na haraka, na mwagize kistuli kabla hujamkabidhi wembe.