Hongera Matabibu wa Macho wa Msasani

Ulimwengu ulistaajabu, na ulikuwa na haki, pale mafundi wa Marekani walipovumbua Argus II, kifaa chenye elektrodi 60 kilichobandikwa ndani ya jicho juu ya retina ili kuamsha mishipa ya fahamu kwa umeme, hata baadhi ya vipofu wakatambua mlango ulipo; ingawa mwaka 2019 utengenezaji wake ulisitishwa. Kwetu Tanzania, hospitali ya Muhimbili imewapandikizia watoto viziwi kifaa cha jamii hiyo sikioni tangu mwaka 2017, nayo ni fahari kubwa.

Lakini taadhima yangu naielekeza kwanza kwa hospitali ya CCBRT, Msasani, wilayani Kinondoni, Dar es Salaam, ambako tabibu, ameinamia hadubini kwa utulivu wa ajabu, huchanja mwanya mdogo jichoni, akaiondoa lenzi iliyofunikwa na ukungu wa mtoto wa jicho, akatia mahali pake lenzi ya bandia. Na kesho yake bandeji ifunguliwapo, ajuza aliyeongozwa kwa mkono kutoka Mbagala huhesabu vidole vya muuguzi. Hiyo, kwa rai yangu, ni elimu iliyotimiza wajibu wake.

Ewe msomaji, ikiwa nyumbani kwako yuko mzee aanzaye kupapasa kuta, usiseme ni uzee tu, mpeleke akapimwe.