Mwalimu Asikilizaye Pumzi

Mwaka 1964, huko Musashino, Tokyo, Kiyo Kitahara alianzisha shule ya chekechea. Humo ndimo alimojenga mbinu ya kuwafundisha watoto wenye usonji bega kwa bega na wenzao, akiyapa mazoezi ya viungo nafasi ya mbele. Mwaka 1987 mbinu hiyo ilifika eneo la Boston, Marekani, ambako wanafunzi wa shule inayoitumia hukimbia na hata kujifunza kuendesha baiskeli ya gurudumu moja.

Mazoezi hayo yana kipimo chake, na ufundi wote umo katika kukijua. Mwaka 1984, watafiti Kern, Koegel na Dunlap walilinganisha dakika 15 za kukimbia na dakika 15 za kucheza mpira taratibu. Baada ya mbio, mienendo ya kujirudiarudia ya watoto wenye usonji ilipungua. Baada ya mpira, haikupungua.

Mtazame basi mwalimu hodari anapomwandaa mtoto kukimbia. Maneno yake ni machache. Anamwonyesha picha kwa mpangilio: viatu, uwanja, kikombe cha maji, dawati. Mahali pa kuanzia ameweka vizibo vitano vya soda. Kila mzunguko ukiisha, mtoto anachukua kimoja na kukitumbukiza koponi. Asiyeelewa “bado kidogo” anaona kwa macho yake kilichobaki. Filimbi haipulizwi, kwa kuwa wapo watoto ambao mlio mkali huwaumiza.

Wanaondoka pamoja, mwalimu akiwa ubavuni, mwendo wake ukifuata wa mtoto. Anasikiliza pumzi. Ikiwa nyepesi mno, anaongeza kasi kidogo. Ikianza kukatika, anapunguza kabla mtoto hajalemewa. Mtoto akipunga mikono kwa furaha, haikamati, maana mikono hiyo haimzuii kukimbia. Kizibo cha mwisho kikiingia koponi, wanatembea polepole, wanakunywa maji, kisha wanakwenda darasani moja kwa moja, mwili ukiwa umetulia na akili ikiwa tayari. Somo gumu limepangwa hapo kwa makusudi.

Namheshimu sana mwalimu wa namna hii. Shule zetu nyingi Tanzania zina uwanja, na mchakamchaka tumeuzoea tangu utotoni. Ufundi wa kumpimia kila mtoto mbio zake ndio unaostahili kufundishwa katika kila chuo cha ualimu, kwa uzito uleule wa hesabu na kusoma.