Mwiba wa Karaba

Katika filamu ya katuni Kirikou et la Sorcière (1998) ya Michel Ocelot, kijiji kizima kinamchukia mchawi Karaba. Mtoto Kirikou, anayedharauliwa kwa udogo wake, ndiye anayeuliza kwa nini Karaba ni mwovu. Anagundua kwamba watu walimchoma mwiba wenye sumu mgongoni. Anaung'oa kwa meno na uchawi unaisha.

Swali hilo nalipenda. Mwisho ndio haukuniridhisha: wanaume waliodhaniwa wameliwa wanarudi, na hasira inazimika papo hapo. Hapa Rwanda mahakama za Gacaca zilichukua takriban miaka kumi, zikafungwa 2012, na majirani bado wanajifunza kuishi pamoja. Ningependa kumwona Karaba akichota maji na wanawake aliowanyang'anya dhahabu.